Nafasi ya Saba

Dada yangu Eduviges aliporudi kutoka Oaxaca mjini
hakuleta redio wala blanketi.
Alileta gurudumu moja lenye kiti juu yake,
alilolinunua kwa kijana aliyekuwa akirusha marungu hewani
kila taa za njia panda zilipowaka nyekundu,
hadi siku alipokosa nauli ya kurudi kwao.
Mama akalizunguka, akauliza:
"Na nusu nyingine iko wapi?"

Kwetu, juu milimani, ambako ukungu huingia jikoni bila hodi,
mtoto hukabidhiwa chombo cha kupuliza
kabla meno ya utotoni hayajamwisha kinywani.
Mimi nilipewa ngoma na vijiti viwili;
mapafu yangu hayakuaminika.
Yeye alipewa tromboni ya marehemu mjomba,
yenye kovu shingoni.

Sasa sikia shida yenyewe.
Mpanda gurudumu moja huishi kwa mikono:
huipepea huku, huipepea kule,
kama mtu avukaye mto juu ya gogo.
Mpuliza tromboni hana mkono wa kukopesha.
Mmoja umeikamata shaba, mwingine unasukuma mrija,
na mrija hauna huruma:
nota ikikaa mbali, mkono uende mbali,
mkono ukienda, mwili unafuata,
na mwili ukifuata,
basi, nimemfuta damu gotini mara nyingi.

Mrija una nafasi saba. Ya saba ndiyo muuaji.
Mkono unanyooka hadi kucha,
sauti inashuka kama ndoo kisimani.
Katika wimbo wetu wa maandamano ya sikukuu
imo mara moja tu, mstari wa tatu,
baada ya kimya cha mapigo manne.
Hapo alianguka Jumanne.
Hapo alianguka Ijumaa,
juu ya mahindi ya Doña Tecla yaliyoanikwa,
akashinda kutwa akiyaokota punje kwa punje.

Don Heladio, kiongozi wa bendi, akatoa penseli.
"Niibadilishe nota hii, niweke ya juu.
Nani atajua?"
"Mimi," akasema Viges, akitema kumbi la mahindi.

Asubuhi moja nilimkuta kiwanja cha shule
akingoja juu ya gurudumu lake.
Halijui kutulia, gurudumu lile:
mbele kidogo, nyuma kidogo,
kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.
Moja, mbili, tatu, nne, za kimya.
Akasukuma mrija mpaka mwisho.
Mwili ukaanguka mbele, kama siku zote,
ila safari hii hakuukataza.
Miguu ikaukimbilia, ikaudaka,
na nota ikatoka, nene, ya chini,
ikakikata kiwanja kizima kwa mstari mmoja.
Mwingine angeona hapo fumbo la maisha.
Mimi ni mpiga ngoma: nilihesabu mapigo kumi na mawili.

Lakini kiwanja ni tambarare,
na njia ya kanisani ni mteremko.

Siku ya sikukuu tulishuka wote,
vikaragosi vya karatasi mbele, virefu kuliko mapaa,
wanawake na vikapu vya maua kichwani,
harufu ya meskali na baruti.
Mstari wa kwanza. Wa pili. Kimya.
Kisha nafasi ya saba,
na dada yangu akaondoka.

Akawapita wapiga klarineti, akawapita wenye maua,
akapita katikati ya miguu ya kikaragosi,
naye haikati, nota ile, haikati,
na sisi tungefanyaje? Wimbo ulikuwa wake.
Tuba ilikimbia. Ngoma yangu ilinipiga mapaja.
Wabebaji nao wakashika mbio,
na mtakatifu wetu, ambaye katika maisha yangu yote
sikuwahi kumwona akiharakishwa na mtu,
siku hiyo alikimbia, taji limemkaa upande.

Tulimkuta amekumbatia nguzo ya kanisa,
pumzi hana, tromboni ina kovu la pili.
Don Heladio hakumgombeza.
Alifungua karatasi zake,
akatafuta mstari wa tatu,
akaandika pembeni kwa penseli ileile:
*Hapa, kimbieni.*